Jinsi ya kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufuga nyoka, kobe au kasuku

Mwenye nyumba akisikia neno "nyoka", kinachomjia akilini ni wapangaji wengine wanaohama, jirani anayempigia simu usiku wa manane na chumba ambacho hakuna atakayetaka kukipanga tena. Ukimweleza jinsi mnyama wako alivyo mpole, hujagusa hata moja ya hofu hizo, ndiyo maana maombi mengi hukataliwa kabla hayajasomwa hadi mwisho. Ombi lenye nafasi ya kukubaliwa huzungumzia nyumba yake: sakafu, umeme, unyevu, harufu, kelele, na kitakachofanyika mnyama akitoroka.

Anza na mkataba wako wa upangaji, neno kwa neno. "Wanyama hawaruhusiwi" ni tofauti kabisa na "mpangaji hatafuga mnyama bila idhini ya maandishi". Kifungu cha pili kinakuruhusu kuomba. Cha kwanza kinahitaji nyongeza ya mkataba yenye saini za pande zote mbili, kwa kuwa "sawa tu" iliyosemwa mlangoni haifuti kilichoandikwa. Mkataba usiposema lolote kuhusu wanyama, bado omba: mikataba mingi ina kifungu cha kero kwa majirani na kingine cha uharibifu wa mali, na vyote viwili vinaweza kutumika dhidi yako. Kwenye ghorofa lenye wamiliki wengi, aliyekupangisha naye huenda anabanwa na kanuni za jengo, hivyo utahitaji idhini mbili. Dalali aliyekuonyesha chumba hana mamlaka ya kukuruhusu, isipokuwa ameandikwa kwenye mkataba kuwa mwakilishi wa mwenye nyumba.

Kisha hakikisha mnyama mwenyewe ni halali. Mkataba wa CITES, uliopitishwa mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unasimamia biashara ya kimataifa ya spishi nyingi zinazofugwa majumbani, na kila nchi ina sheria zake juu ya huo. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu aliingizwa kwenye Kiambatisho cha I, chenye masharti makali kuliko vyote, kwa uamuzi wa mwaka 2016. Kobe chapati alipandishwa huko mwaka 2019. Kwa hiyo weka pamoja kibali, risiti ya mfugaji uliyemnunua kwake, na namba ya pete ya mguuni au ya chipu. Mwenye nyumba akiona karatasi hizo, hofu ya kukutwa na polisi nyumbani kwake inaisha hapo hapo. Nyoka wa sumu usimwombee kabisa ruhusa katika nyumba ya kupanga. Hakuna maelezo yanayoweza kuwafanya majirani wanaoishi ukuta mmoja nawe wakubali hatari hiyo, na wana haki ya kukataa.

Nyumba inapata nini, inapoteza nini

Hapa ndipo penye kazi. Kila mnyama ana tatizo lake kuu, na mwenye nyumba anataka kuona kwamba umeshalijua na umeshalipatia dawa.

Tangi la samaki ndilo linalodharauliwa zaidi, na ndilo lenye uwezo wa kuharibu zaidi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 linachukua lita 240; ongeza kioo, changarawe na meza yake, unapita kilo 300 juu ya eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Kwenye sakafu ya zege iliyojengwa vizuri, uzito huo kwa kawaida si tatizo. Kwenye sakafu ya mbao, liweke kandokando ya ukuta unaobeba nyumba, likikatiza mihimili ya sakafu badala ya kulala sambamba nayo, na kwa ukubwa huu mlete fundi aangalie kwanza. Kinachovuja mara nyingi ni mpira wa kichujio cha nje na maungio yake, hasa baada ya kusafishwa na kurudishwa bila kukazwa. Weka kichujio ndani ya beseni lenye king'ora kidogo cha maji. Acha waya wa umeme uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone linaloteleza kwenye waya lidondoke sakafuni. Funika tangi kwa kifuniko, maana maji yanayopotea kwa mvuke ndiyo yanayotoa ukungu kwenye kona za dari.

Mijusi, nyoka na kobe wanahitaji joto, na kwao hofu halali ni moto. Taa ya joto na hita ya kauri vinahitaji kishikio cha kauri. Cha plastiki hulainika, taa ikaanguka kwenye maranda. Kila chanzo cha joto kipitie kwenye thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto. Kihisio chake kifungwe mahali pasipong'oka, kwa sababu kikivutwa nje ya kizimba kitasoma baridi ya chumba na hita haitazima. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni nyingine. Na kama umeme umo ndani ya kodi, mpe mwenye nyumba hesabu mwenyewe: taa ya wati 100 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula uniti 1.2, yaani uniti 36 kwa mwezi, na ujitolee kuzilipia. Jambo hili dogo hulainisha mazungumzo kuliko hotuba yoyote.

Wanyama wa mazingira yenye unyevu, kama vyura wengi na chatu kadhaa, huhitaji kizimba chenye unyevu wa asilimia 60 hadi 80. Ukuta hauhitaji hivyo. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya kizimba na ukuta, weka kipima unyevu cha pili chumbani nje ya kizimba, na ukiona chumba chenyewe kinapita asilimia 60 mara kwa mara, fungua madirisha au tumia feni.

Kuhusu kutoroka, nyoka hupita popote kichwa chake kinapopenya. Nyoka mchanga anaweza kupita kwenye upenyo wa milimita 6, na upenyo kama huo hupatikana pale milango miwili ya kioo inapopishana. Kinachozuia ni kufuli la milango hiyo, utepe laini wa kuziba mpishano, na matundu ya hewa yenye wavu wa chuma uliofungwa kwa skrubu. Gundi peke yake haitoshi. Kisha chumba chenyewe: ziba mapengo yanayozunguka mabomba chini ya sinki na weka brashi chini ya mlango. Nyoka akitoka hutafuta joto na giza, hivyo nyuma ya friji ndiko pa kuanzia. Ahidi kwa maandishi kwamba akitoroka utamjulisha mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Ahadi hiyo inaonekana kama inakuumiza, lakini ndiyo inayomfanya akuamini.

Sungura anaonekana mnyama wa kawaida, ila nyumba inamwogopa kwa haki. Anatafuna waya na mbao za chini ya ukuta, na mkojo wake ukiingia kwenye mbao tupu harufu yake ni shida kuitoa. Tandika linoliamu kipande kimoja kisicho na maungio, kipande kipande mkojo utapenya. Kingo zipande ukutani sentimita 10. Waya zipitishe ndani ya bomba gumu la plastiki. Ule utando mweupe unaobaki mkojo ukikauka ni kalsiamu, na siki huuondoa.

Kasuku ni kelele, alfajiri na magharibi, na kizimba hakiwezi kuizuia. Usiombe kasuku kwenye chumba kinachopakana ukuta na chumba cha kulala cha jirani. Omba cha upande wa pili, na uzungumze na jirani huyo kabla mwenye nyumba hajazungumza naye.

Chakula cha wanyama hawa nacho kina maneno yake. Usizalishe wadudu ndani ya nyumba ya kupanga, hata kama mende wa kulishia hawapandi kioo. Mwenye nyumba akisikia "mende" hatasikia kingine. Nunua nyenje wa kutosha wiki moja tu, kwenye boksi lenye mfuniko wa wavu wa chuma, kwa sababu nyenje hutafuna wavu wa nailoni. Panya waliogandishwa wakae kwenye friza yako mwenyewe, kamwe si ya pamoja. Vyombo vya reptilia visioshwe kwenye sinki la jikoni: reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha ugonjwa, na ni kwa sababu ya maambukizi kwa watoto Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa wenye gamba lisilofika inchi 4. Tenga beseni lake, umwage maji yake chooni.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja, na picha moja ya kizimba ambacho tayari kipo au cha aina hiyo hiyo. Picha ya nyoka mkononi mwako iache. Peleka barua wakati kodi imelipwa, ikiwezekana mkiwa mnajadili mkataba mpya. Kabla ya kusaini ni bora zaidi, kwani hapo kila upande bado una la kupata. Taja spishi, idadi, ukubwa wa mwisho, chumba, vifaa na ahadi zako. Mfano:

"Ndugu Mwenye Nyumba, naomba idhini ya maandishi ya kufuga nyoka mmoja wa mahindi (Pantherophis guttatus), asiye na sumu, anayefikia urefu wa sentimita 150. Atakaa muda wote kwenye kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60 chenye kufuli, katika chumba changu cha kulala. Hita ni ya wati 80 na inaongozwa na thamostati. Atakula panya mmoja aliyegandishwa kila baada ya siku 10 hadi 14. Hakuna chakula hai kitakachoingia nyumbani. Sitatoboa ukuta. Nakubali ukaguzi ukinipa taarifa ya saa 24, na nitagharamia uharibifu wowote utakaosababishwa naye. Nimeambatisha risiti, jina la daktari wa mifugo anayetibu reptilia, na barua ya mwenye nyumba aliyenipangisha awali. Napendekeza tuanze na majaribio ya miezi 3."

Kipindi cha majaribio kina nguvu kubwa, kwa sababu kinampa njia ya kurudi nyuma bila ugomvi. Lakini kabla ya kukitaja hakikisha una mtu atakayempokea mnyama endapo jibu la mwisho litakuwa hapana, na uliandike jina lake baada ya kumwomba. Ndugu zangu wafugaji wengi huruka hatua hii. Anayelipa ni mnyama, akitolewa ndani ya siku 2 kwa mtu asiyemjua.

Akikubali

Idhini iandikwe, hata kama ni ujumbe wa simu utakaouhifadhi, ingawa nyongeza yenye saini ni imara zaidi. Iseme mnyama yupi na wangapi. "Wanyama wadogo wanaruhusiwa" ni maneno yatakayokugeuka siku atakapoona kobe wa kilo 15. Iseme idhini inadumu muda gani, na kwamba itaendelea nyumba ikiuzwa wakati mkataba haujaisha. Si jambo dogo: nyoka wa mahindi huishi miaka 15 hadi 20, kasuku wa kijivu hupita 40, kobe wengi hupita 50, na mikataba mingi ni ya mwaka mmoja. Kila ukihama utaandika barua hii upya, kwa hiyo tunza nakala na idhini uliyopewa.

Akitaka amana ya ziada, uliza inagharamia nini na itarudishwa kwa masharti gani, kisha yaandikwe. Kwanza angalia sheria, maana kuna mahali ambapo amana ina kikomo. Piga picha za chumba kabla mnyama hajaingia: sakafu, kona za dari, mbao za chini, nyuma ya mahali kizimba kitakapokaa, zote zikiwa na tarehe. Soma bima yako pia. Nyingi hazigharamii madhara ya wanyama, na baadhi hulipia maji yaliyomwagika ghafla lakini si yaliyovuja polepole.

Akikataa, muulize hofu yake kubwa ni ipi. Akisema harufu au moto, una cha kujibu, na unaweza kurudi na barua iliyorekebishwa. Akisema anaogopa nyoka tu, usimbishie. Muulize kama angekubali mjusi mwenye ndevu wa Australia au kobe mdogo, au uanze kutafuta nyumba nyingine ukiwa na barua yako mkononi tangu siku ya kwanza ya kuitazama. Kumficha mnyama hakufai. Fundi bomba ataingia siku usiyoitegemea, na hapo utakuwa umevunja mkataba, huku majibu mazuri uliyokuwa nayo kuhusu thamostati na kufuli hayana tena wa kuyasikiliza.