Bonaire: Matumbawe, Chumvi na Vijumba vya Watumwa

Nikifika ufukweni naingia tu majini?
Lipa kwanza. Bahari inayokizunguka kisiwa hiki cha Uholanzi kilichoko Karibi ni hifadhi tangu 1979, na ada ya STINAPA, shirika linaloisimamia, ni dola 40 kwa mwaka wa kalenda. Usiichanganye na kodi ya wageni, dola 75. Glovu ni marufuku, kwa sababu mwenye glovu hushikashika matumbawe. Krimu za jua zenye oksibenzoni au oktinoksati nazo hazitakiwi. Vaa fulana ya mikono mirefu: anayeelea kifudifudi huungua mgongo.

Miwani yangu ya kupigia mbizi inavuja, nikikaza mkanda inazidi.
Ndivyo ilivyo, ukikaza sana mpira hujikunja na kuacha mwanya. Legeza, kisha ondoa nywele zilizonaswa chini ya mpira. Wenye masharubu wapake vaselini kidogo juu ya mdomo, kama mpira ni wa silikoni. Ukungu? Kioo kipya kina utando wa kiwandani: kisugue kwa dawa ya meno, suuza, halafu mate kila unapoingia.

Klein Bonaire, kile kisiwa kidogo cha jirani, naendaje?
Kwa boti kutoka Kralendijk, mji mkuu, hadi ufukwe wa No Name Beach. Tazama matumbawe laini yanalalia upande gani, ndiko mkondo unakokwenda. Tembea ufukweni ukiupinga, ingia, kisha uache ukurudishe kwenye boti. Wanaoanza kwa kufuata mkondo hurudi wamechoka hoi. Beba maji ya kunywa, hakuna duka. Na wewe uliyezoea bamvua la pwani yetu, sahau: huko maji hayapwi hata nusu mita.

Ngazi ya ufukwe wa 1000 Steps ina vidato elfu?
Havifiki 80. Panda na mapezi mkononi saa saba mchana, utaelewa jina.

Vile vijumba vya kusini ni vya nini?
Ni malazi ya watumwa waliovuna chumvi, yaliyojengwa kwa mawe 1850. Inama uingie: mtu mzima hasimami wima ndani. Minara ya rangi iliyo karibu, ya 1837, ilizionyesha meli pa kupakia. Familia zao zilikuwa Rincon, kijiji cha kaskazini, mwendo wa saa saba kwa miguu, nao watumwa walikwenda Ijumaa na kurudi Jumapili. Uhuru ulikuja Julai 1, 1863. Ukitoka hapo endesha gari hadi Rincon kwenyewe, uione Mangazina di Rei, ghala la zamani la serikali, na uulize supu ya kadushi, ya dungusi kakati (kaktasi) wa huko. Inateleza kama mlenda.