Je, Babu Mshairi Anastahili Makala katika Wikipedia?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu babu yangu alichapisha diwani moja na riwaya mbili, ambazo leo ni wachache wanaozikumbuka. Je, ninaweza kumwandikia makala katika Wikipedia? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kuchapisha vitabu peke yake hakutoshi, wala ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, haithibitishi lolote zaidi ya kwamba kitabu kipo. Kinachotafutwa ni watu wasio na uhusiano na mwandishi ambao wameandika kwa kina juu yake: mapitio magazetini, sura katika tasnifu, makala katika jarida kama Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au habari za tuzo yenye heshima. Dibaji iliyoandikwa na rafiki yake na tangazo la mchapishaji havihesabiwi.

Ugumu, kwa maoni yangu, ni kwamba waandishi wetu wengi walijadiliwa katika magazeti ambayo hayajawahi kuingizwa mtandaoni, na mhariri wa Wikipedia mwenye haraka hudhani kuwa kisichoonekana kwenye intaneti hakipo. Chanzo cha karatasi kinakubalika kabisa, mradi utaje jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Kwa hiyo anzia maktaba. Uchambuzi wa kazi za babu katika uhakiki wa mtaalamu mmoja tu, ukiwa wa kurasa kadhaa, una uzito kuliko kutajwa kwa jina katika orodha kumi.

Kwa kuwa wewe ni mjukuu, tangaza undugu huo katika ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, kisha uwaachie wengine waamue.