Kuhamisha vifupisho vya Espanso

Umeuliza utahamishaje vifupisho vyako vya Espanso (programu inayogeuza herufi chache unazochapa kuwa maandishi marefu) kwenda kompyuta ya pili bila kuviandika upya. Usihangaike, vyote vimo kwenye mafaili ya kawaida ya maandishi. Andika amri espanso path kwenye dirisha la amri (terminal), itakuonyesha folda ya mipangilio ilipo. Ndani yake kuna folda ndogo ya match, humo utakuta faili la vifupisho, base.yml. Nakili folda nzima ya mipangilio, ibandike kule kwingine, basi. Ukitaka kompyuta zote mbili zilingane kila siku, iweke folda hiyo Dropbox (hifadhi ya mtandaoni) kisha acha simlinki, yaani kiungo kinachoelekeza kwenye folda hiyo, mahali pake pa zamani.

Ila chunga sana nafasi za mwanzo wa mstari. YAML, yaani mtindo wa kuandika mafaili hayo ya .yml, haikubali kitufe cha Tab hapo, tumia nafasi tupu tu. Kifupisho changu cha :anw kiliwahi kunikesheza kwa kosa hilohilo! Na usihariri mafaili hayo kwenye mashine mbili kwa pamoja, nakala zitagongana.