Kubadili jina la folda kwenye S3 kunachukua saa nzima

Ndugu, nimekuelewa: umeiunganisha S3 (huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili mtandaoni) ionekane kama diski ya kawaida, na sasa kubadili jina la folda yenye faili laki mbili kunakwama. Programu yako haina kosa hapo. S3 ya kawaida haina folda, “picha/2023/a.jpg” ni jina moja refu tu. Kubadili jina ni kunakili kila faili kisha kufuta ya zamani, moja moja. Mtandao ukikatika katikati, nusu iko huku, nusu kule.

Ningekuwa wewe, ningetenganisha majina na data. Mti wa folda weka kwenye hifadhidata kama PostgreSQL, data ikae S3 kwa vipande vya MB 4 vyenye namba zisizobadilika. Hapo kubadili jina ni kusahihisha mstari mmoja wa jedwali. JuiceFS, programu inayoifanya S3 ionekane kama diski, inafanya hivyo. Ijaribu kabla hujaandika ya kwako.

Angalia sana: hifadhidata hiyo ikipotea, vipande vinabaki lakini huwezi kujua kipi ni cha faili gani. Ifanyie nakala rudufu kila siku, na ujaribu kweli kuirejesha.

Kama faili zako huandikwa mara moja kisha zinasomwa tu, Mountpoint, programu ya Amazon yenyewe ya kuiunganisha S3 kama diski, inatosha. Kama ni data za wateja, mwite mhandisi mzoefu aukague mpango kabla hujahamisha chochote.