Maswali ya Wasomaji: Seng'enge ya Miiba

SWALI: Nimezungushia shamba seng'enge ya nyuzi nne. Miezi miwili haijaisha, nguzo za kona zimeinamia ndani na waya umelegea. Fundi anasema nikaze tena. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, angalau si kwa sasa. Ukikaza, unaongeza nguvu ile ile iliyoinamisha nguzo. Nguzo za kati kazi yake ni kuinua waya na kutenganisha nyuzi tu. Mvuto wote unaishia kwenye nguzo za kona, za mwisho na za lango. Yako huenda imechimbiwa kina sawa na zile za kati, tena imesimama peke yake.

Legeza waya kwanza. Chimbia kona upya, sentimita 90 hadi mita moja, ukishindilia udongo kila unapojaza kama sentimita 15. Ukiumwaga wote kwa mkupuo na kushindilia juu tu, chini panabaki palegevu. Kisha, mita 2.4 hivi kutoka kona, kwenye mstari wa uzio, simamisha nguzo ya pili, na kati ya hizo mbili laza boriti karibu na vichwa vyake. Kona ina pande mbili, kwa hiyo kazi hii ifanyike pande zote mbili.

Panapokosewa sana ni kwenye waya wa mshazari. Huu unatoka kitako cha nguzo ya kona kwenda kichwa cha nguzo ya pili. Seng'enge inavuta kichwa cha kona. Boriti inaupeleka mvuto huo kwenye kichwa cha nguzo ya pili. Mshazari nao unakizuia kichwa hicho kisiende, kwa kukifunga na kitako cha kona kilichoko ardhini. Ukiufunga kinyume, unasaidia kuiangusha kona. Tumia waya laini, uzungushe mara mbili, ingiza kijiti katikati na usokote mpaka ulie ukiugonga. Ndipo urudi kukaza seng'enge. Vaa glavu nene na miwani, na usisimame sambamba na waya unaovutwa: ukikatika, unarudi kama mjeledi.

SWALI: Nguzo zangu za mbao zinapasuka nikipigilia misumari ya U. Kosa ni la mbao?

JIBU: Mara nyingi ni la mkono. Miguu miwili ya msumari ikiingia kwenye uzi mmoja wa mbao inafanya kazi ya kabari. Ugeuze kidogo, ukae mshazari. Pia usiupigilie hadi mwisho. Acha nafasi waya upite. Waya uliobanwa unakwaruzika zinki, na kutu huanzia hapo hapo. Waya ukae upande wa mifugo, ng'ombe akiegemea asiung'oe; ila uzio unapopinda, uweke upande wa nje wa pindo.

SWALI: Nani aliibuni seng'enge, na kwa nini kila waya wake ni nyuzi mbili zilizosokotwa?

JIBU: Hakuwa mmoja. Lucien Smith wa Ohio alipata hataza, yaani haki ya kisheria juu ya ubunifu wake, mwaka 1867, Michael Kelly akafuata 1868. Iliyoshika soko ni ya Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb, Illinois, iliyotolewa 24 Novemba 1874. Kwenye mbuga za Marekani mbao zilikuwa adimu, na waya mtupu ng'ombe waliusukuma tu. Shida ya miiba ilikuwa kuteleza: mwiba ulioviringwa kwenye uzi mmoja unahama. Glidden aliviringa miiba kwa kinu cha kusagia kahawa alichokigeuza, kisha akasokota uzi wa pili ili uibane. Msokoto huo pia unaupa waya unyumbufu kidogo joto na baridi vinapobadilishana. Kesi za hataza hiyo zilifika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyompa haki mwaka 1892, hataza yenyewe ikiwa tayari imeisha muda!

SWALI: Hekta moja inahitaji rola ngapi?

JIBU: Ikiwa mraba wa mita 100 kwa 100, mzunguko ni mita 400. Nyuzi nne ni mita 1,600. Ongeza asilimia 5 ya mafundo na miisho, zinakuwa 1,680. Rola za mita 400 ni tano, maana nne hazitoshi. Soma urefu kwenye lebo, rola hazilingani. Nguzo kila mita nne ni 100, bila kuhesabu zile za kuimarishia kona na lango.

SWALI: Naweza kuitia umeme?

JIBU: Hapana. Aliyenaswa na miiba hawezi kujinasua haraka, mtu au mnyama, na kila mpigo wa umeme unampata akiwa pale pale. Ukitaka umeme, tumia waya laini.