Wasomaji Wanauliza: Ripoti ya Hospitali Isomwe Vipi?

Maswali ya toleo hili yametoka kwa wasomaji wanaoishi England, na yote yanahusu trasti za NHS (huduma ya afya ya umma), yaani taasisi za umma zinazoendesha hospitali moja au kadhaa za eneo. Majibu ni ya England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Habari za kazi, wahariri. Mama yangu ana miaka 78. Tulimfikisha idara ya dharura saa nne asubuhi, akapata kitanda wodini saa tisa usiku. Muda wote huo alilala kwenye machela koridoni. Baadaye nikasoma taarifa ya trasti kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa walimaliziwa shughuli zao ndani ya muda wa saa 4. Nani anadanganya?
*Msomaji, Midlands Mashariki*

Pole sana dada, na mama mfikishie pole zetu. Inawezekana kabisa hakuna aliyedanganya, na hilo ndilo linalotuudhi: takwimu inaweza kuwa sahihi na bado mama yako asionekane ndani yake.

Kipimo cha saa 4 huanza mgonjwa anapofika na huisha anapolazwa, anapohamishwa au anaporuhusiwa. Kiwango rasmi ni asilimia 95, na kitaifa hakijafikiwa tangu 2015. Lengo la mpito lililowekwa kwa Machi 2026 lilikuwa asilimia 78. Sasa angalia ni nani wanahesabiwa. Asilimia inayotangazwa huchanganya aina ya 1, yaani idara kubwa ya dharura inayofanya kazi saa 24 chini ya madaktari bingwa, na aina ya 3, vituo vya matibabu ya haraka ambako mtu huenda na kifundo kilichoteguka akatoka baada ya saa moja na nusu. Tuseme wagonjwa 100 wameingia aina ya 1 na 50 wakamaliziwa ndani ya saa 4, halafu 100 wengine wameingia aina ya 3 na 96 wakamaliziwa. Trasti itaandika asilimia 73, na hesabu yake haina kosa. Lakini mzee mwenye nimonia yuko kwenye ile 50. Kwa hiyo kila mara tafuta safu ya aina ya 1 peke yake.

Kuna pia kipimo cha saa 12, ambacho huhesabiwa kwa namna mbili. Hesabu ya zamani huanza pale daktari anapoamua mgonjwa alazwe. Kama uamuzi kuhusu mama ulifanywa saa nne usiku, basi hadi saa tisa alisubiri saa 5 tu, na kwenye safu hiyo hayumo. Hesabu ya pili huanza mgonjwa anapofika, na humo mama yako ana saa 17. Tangu Februari 2023 NHS England huchapisha hii ya pili kila mwezi kwa kila trasti. Idai hiyo, maana ndiyo inayofanana na usiku aliolala yeye.

Na msiwalaumu haraka wauguzi wa dharura. Korido hujaa kwa sababu wodi hazitoi watu. Juu kule kuna wagonjwa ambao kitabibu wako tayari kwenda nyumbani, lakini wanangoja mhudumu wa nyumbani apangwe, nafasi kwenye nyumba ya wazee, au mfuko wa dawa kutoka famasia. Ripoti nzuri huonyesha idadi yao, na saa wanazoondoka. Wengi wakiruhusiwa jioni ilhali wagonjwa wapya wameanza kumiminika tangu mchana, machela zitapangwa ukutani hata kama idara ya dharura inafanya kazi kwa bidii zote.

Nimepakua karatasi za kikao cha bodi ya trasti yetu: kurasa zaidi ya 200, chati tupu zenye nukta za rangi. Nianzie wapi?
*Mwanachama wa kikundi cha wagonjwa, Kusini Mashariki*

Anza na ripoti jumuishi ya utendaji. Taarifa ya mtendaji mkuu iache ya mwisho. Ni maneno yaliyochaguliwa, na utayapima vizuri zaidi ukishaona namba.

Chati hizo zina mstari wa wastani katikati na mistari miwili ya vistari vifupi, juu na chini. Miwili hiyo si malengo. Imekokotolewa kutokana na takwimu zenyewe, na huonyesha upana ambao namba hupanda na kushuka bila chochote kubadilika. Nukta ya kijivu ni hali ya kawaida, ya buluu ni dalili ya kuboreka, ya rangi ya chungwa ni dalili ya kuzorota. Nukta moja ikitoka nje ya mipaka, ulizia. Nukta 7 mfululizo zikiwa upande mmoja wa wastani, trasti nyingi huhesabu kwamba mabadiliko ni ya kweli. Kwa hiyo mkurugenzi akijisifu kwamba asilimia imepanda kutoka 68 hadi 70 mwezi huu, na nukta zote mbili ni za kijivu, hajaeleza kitu.

Jambo lenye thamani kuliko yote liko kwenye mstari wa lengo. Ukiona lengo liko nje ya ile mipaka miwili, upande mzuri, maana yake ni kwamba mfumo ulivyo leo hauwezi kulifikia, hata wafanyakazi wajitume vipi. Alama yake kwenye ripoti nyingi ni herufi F. Bodi inayopokea F hiyohiyo mwezi baada ya mwezi, na maelezo yaleyale ya «tunaendelea kufuatilia», haijaongoza. Swali la kuuliza hapo ni: mmebadilisha nini katika utaratibu wenyewe, na tutaona matokeo mwezi gani?

Jihadhari pia na mstari wa wastani uliokatwa na kuanza upya. Ni halali kuukokotoa tena huduma ikibadilika kweli, lakini ukikatwa bila maelezo, hali mbaya huanza kuonekana ya kawaida.

Kuhusu orodha ya kusubiri matibabu ya kupangwa: kiwango ni asilimia 92 ya walioko kwenye orodha wawe wamesubiri chini ya wiki 18. Lengo la kitaifa la Machi 2026 lilikuwa asilimia 65, na serikali imeahidi kurudi kwenye 92 ifikapo Machi 2029. Orodha hupungua kwa njia mbili. Moja ni kutibu watu. Nyingine ni kuisafisha: kuondoa majina yaliyoingia mara mbili, waliofariki, waliotibiwa kwingine. Kusafisha ni kazi halali na inahitajika, ila si matibabu, hivyo omba idadi ya kila njia ipewe peke yake.

Hapa kuna onyo la nyumbani. Wakati wa kusafisha, hospitali hutuma ujumbe wa simu au barua kuuliza kama bado unahitaji miadi, na huweka tarehe ya mwisho ya kujibu. Asiyejibu anaweza kuondolewa na kurudishwa kwa GP, yaani daktari wake wa mtaani. Watu wetu hubadilisha namba za simu na kuhama nyumba mara kwa mara. Ukibadilisha namba, iambie hospitali yenyewe pamoja na GP. Usitegemee kwamba mmoja atamwambia mwenzake.

Trasti yetu imepata mtendaji mkuu mpya tena. Sisi raia wa kawaida tuna sauti gani?
*Mzee wa msikiti, Kaskazini Magharibi*

Shikamoo mzee. Sauti ipo, ingawa wachache huitumia.

Juu ya mtendaji mkuu kuna mwenyekiti na wakurugenzi wasio watendaji, ambao kazi yao ni kuhoji. Kama trasti yenu ni ya aina iitwayo «foundation», ina pia baraza la magavana, na baadhi yao huchaguliwa kwa kura na wanachama wa kawaida. Magavana hao humteua mwenyekiti na wakurugenzi wasio watendaji, na uteuzi wa mtendaji mkuu hauwi kamili bila idhini yao. Uanachama ni bure. Katika mpango wake wa miaka 10 wa Julai 2025 serikali ilisema inataka kuondoa sharti la kuwa na magavana, kwa hiyo ulizeni hali ikoje kwenu kabla ya kupanga kugombea.

Vikao vya bodi hufanyika hadharani na karatasi huwekwa kwenye tovuti siku chache kabla. Tuma swali kwa maandishi kwa katibu wa trasti mapema. Liwe fupi, liwe na namba moja na mwezi wake, na lisihusu kesi ya mgonjwa mmoja. Hiyo ina njia yake. Halafu soma kumbukumbu za kikao kinachofuata uone kama jibu limeandikwa.

Ukitaka kuupima uongozi, fungua matokeo ya utafiti wa wafanyakazi, unaofanyika kila vuli na kutolewa majira ya kuchipua. Usiyasome yote. Tafuta kauli moja: kwamba ndugu au rafiki yangu akihitaji matibabu, ningeridhika na huduma ya hapa. Muuguzi anayejaza fomu bila jina hana sababu ya kupamba. Ikiwa asilimia ya wanaokubali inashuka miaka 3 mfululizo huku bodi ikitangaza mafanikio, waamini wafanyakazi.

Tunasema hivyo kwa sababu ya yaliyotokea katika trasti ya Mid Staffordshire. Ripoti ya uchunguzi wa hadhara ulioongozwa na Robert Francis, iliyotolewa Februari 2013, ilionyesha bodi iliyoshughulika na fedha, malengo na hadhi ya «foundation», huku wagonjwa wakikosa maji ya kunywa na msaada wa kwenda chooni. Familia zilikuwa zimeshalalamika. Kutokana na hayo, tangu Novemba 2014 sheria inazilazimisha trasti kumweleza mgonjwa ukweli na kumwomba radhi pale huduma inapomdhuru.

Kwenye jedwali jipya la kitaifa linalopanga trasti kwa madaraja, yetu iko daraja la 3. Nihamishie upasuaji wangu wa goti kwingine?
*Msomaji, London Mashariki*

Si kwa sababu hiyo peke yake. Jedwali hilo, ambalo daraja la 1 ndilo bora, lilianza Septemba 2025, na lina kanuni moja muhimu: trasti yenye nakisi ya fedha haiwezi kupata daraja bora kuliko la 3, hata ikitibu vizuri namna gani. Angalia muda wa kusubiri wa idara ya mifupa katika hospitali unazoweza kufika, kisha mwambie GP kabla hajatuma rufaa. Haki ya kuchagua hospitali kwa miadi ya kwanza unayo.

Na yale maoni ya wagonjwa ambayo hospitali hutangaza, kama «asilimia 94 wameridhika»? Tazama kwanza wangapi walijibu. Fomu hiyo, iitwayo FFT (Friends and Family Test), haikuundwa kulinganisha hospitali. Utafiti wa kila mwaka wa wagonjwa waliolazwa, unaosimamiwa na CQC, mkaguzi wa huduma za afya England, ndio unaofaa kwa kulinganisha.

Sisi ni familia kutoka Bukavu. Hospitali ilimleta mkalimani wa simu ambaye baba hakumwelewa vizuri, kisha mdogo wangu wa miaka 13 akaombwa kutafsiri. Tulalamike vipi?
*Msomaji, Yorkshire*

Mtoto hakupaswa kuwekwa kwenye nafasi hiyo. Mkalimani ni bure kwa mgonjwa, na ndugu hatakiwi kutafsiri maelezo ya matibabu, sembuse fomu ya kuridhia upasuaji. Mara nyingi tatizo huanzia kwenye mfumo wa miadi unaoandika «Kiswahili» tu. Mwombe GP aandike kwenye rekodi na kwenye rufaa: Kiswahili cha Kongo. Wasomaji wetu Wabajuni na wa Barawa wafanye vivyo hivyo kwa lugha zao. Ukipata barua, piga namba iliyomo uthibitishe mkalimani amewekwa. Asipotokea siku hiyo, omba iandikwe kwamba mkalimani ndiye aliyekosekana. Mgonjwa akihesabiwa kuwa hakufika, anaweza kurudishwa kwa GP.

Kama baba bado yuko wodini, nenda PALS leo, ofisi ya hospitali inayotatua matatizo papo hapo, bure na kwa siri. Kama unaona hali yake inazorota na hamsikilizwi, msisubiri ofisi kufunguliwa. Hospitali za England zinazotibu magonjwa ya ghafla sasa zina Kanuni ya Martha, iliyopewa jina la Martha Mills, msichana wa miaka 13 aliyefariki 2021. Namba yake hubandikwa wodini, inapokelewa usiku na mchana, na familia inaweza kuomba timu nyingine ije imtazame mgonjwa.

Lalamiko rasmi mna miezi 12 kulileta, tangu tukio au tangu mlipotambua tatizo. Baba atie saini barua ya kukuruhusu umwakilishe, la sivyo watakataa kukujibu kwa mambo yake. Andika tarehe, wodi, kilichotokea kwa mpangilio, na maswali unayotaka yajibiwe, moja moja. Waweza kuandika kwa Kiswahili. Wanapaswa kukiri kupokea ndani ya siku 3 za kazi na kukubaliana nawe muda wa jibu. Halmashauri ya eneo hugharamia mtetezi huru wa kukusaidia kuandika. Jibu la mwisho likija na hamkuridhika, litunzeni, maana Ombudsmani wa Bunge na Huduma za Afya atataka kuliona kabla ya kufungua faili.