Jibu: shida ni mvuke wa maji, si mawingu

Ndugu, umeuliza kwa nini antena za ALMA, darubini ya redio inayounganisha antena nyingi kutoa picha moja ya anga, ziko jangwani Chile, mita 5,000 juu, wakati redio yako hapa Goma inashika hata mvua ikinyesha. Mawimbi ya milimita (yenye urefu wa takriban milimita moja), ambayo ALMA huyapokea, si kama ya redio yako. Mvuke wa maji huyachelewesha, na kila antena ina mvuke wake juu yake, basi hayafiki kwa mpangilio na picha inatawanyika. Kwa unyevu wa ziwa letu, sahau kabisa! Antena za mita 12 zina kipimo kinachosikiliza mvuke huo kwenye masafa ya gigahezi 183, kisha kompyuta inafuta ucheleweshaji. Ucheleweshaji unaobaki husahihishwa kwa kugeukia kila mara kwaza jirani, yaani kiini angavu cha galaksi ya mbali. Bila hayo, zile pete za vumbi za nyota changa HL Tauri zilizoonyeshwa mwaka 2014 zingekuwa doa tu.